Majina Yote Isipokuwa la Awino

Mwenye nyumba wetu hapa Nkende ana wimbo mmoja tu maishani, na hadi mwaka huu alikuwa ameurekodi mara nne. Kama umewahi kuishi Tarime umeusikia, hata kama hukujua ni wa nani. Unaitwa Nachelewa Lakini Naja. Ni wimbo wa taratibu wa gitaa la umeme. Gitaa linalia kama mtu aliyemeza uji wa moto, halafu linatulia, halafu mwanamume anamwomba msamaha mpenzi wake kwamba barabara ilikuwa mbovu. Basi. Hakuna kingine kwenye huo wimbo. Barabara ni mbovu, mto umejaa, nachelewa lakini naja. Watu wazima wenye ndevu wanalia.

Huyo mwenye nyumba ni Mzee Okech. Lakini mimi sitaki kuandika habari zake, yeye ameshatosha kwenye makava ya kaseti. Nataka kuandika habari za mke wake, Awino, ambaye sisi wapangaji tunamwita Mama Adoyo kwa jina la binti yake mkubwa. Mimi nina chumba cha mwisho, kile cha karibu na bomba. Mume wangu yuko Genkuru kikazi, anakuja akipata ruhusa, kwa hiyo mwanangu Precious amejifunza kutembea akiwa ameshika kitenge cha Mama Adoyo, siyo changu.

Mama Adoyo anauza samaki wa kukaanga sokoni. Ni mwembamba, mrefu, anacheka kwanza ndipo anakwambia kinachomchekesha, na mara nyingi anasahau kukwambia. Mteja akilalamika samaki ni mdogo anamjibu, "Huyu ndiye alikuwa kaka yao mkubwa. Wadogo zake wako nyumbani wanamlilia." Na mteja ananunua. Nimekaa naye jikoni muda mrefu, nikajua anapenda nini na anachukia nini. Anachukia mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mara nyingi, na anachukia jambo moja kuhusu wimbo wa mume wake. Katika rekodi zote nne, jina lake halimo.

Utasema, mbona nyimbo nyingi hazina jina la mke? Ni kweli. Lakini huu una majina ya watu wote wengine.

Ngoja nieleze. Wajaluo wana desturi wanaiita pakruok. Muziki unapopigwa, mtu akitoa kitu, iwe hela, iwe kuku, anapaza sauti, "Simamisha!" Mpigaji anashusha gitaa, linabaki likinong'ona, na yule aliyetoa anajisifia anavyotaka: yeye ni mtoto wa nani, anaogopwa na nani, anapendwa na nani. Akimaliza anasema, "Endelea," muziki unapanda tena. Hawaangalii mkubwa wala mdogo, mwanamume wala mwanamke. Ukitoa, unasimamisha. Mimi ni Mkurya, mara ya kwanza kuona hayo nilidhani watu wanagombana.

Sasa Mzee Okech aliichukua desturi hiyo akaiingiza kwenye kurekodi. Kila aliyesaidia, jina lake linaimbwa. Na shida ya Mzee Okech ni kwamba hajawahi kumkatalia mtu tangu azaliwe.

Rekodi ya kwanza ilifanyika hapa hapa mjini kabla mimi sijazaliwa. Redio kaseti iliwekwa juu ya gunia la mahindi kwenye chumba cha mashine ya kusaga. Umeme wa gitaa ulitoka kwenye injini ya hiyo mashine, kwa hiyo injini haikuweza kuzimwa. Ukisikiliza kaseti hiyo unasikia tu-tu-tu-tu mwanzo hadi mwisho, na wako wazee watakaokuapia kwamba hiyo ndiyo ngoma nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa mkoa wa Mara. Katikati, Okech kijana wa watu anaacha kumlilia mpenzi, anasema, "Nyangwine mwenye mashine, dizeli yako isiishe!" Halafu anarudi kulia.

Ya pili ilifanyika Migori, ng'ambo ya mpaka, kwenye studio yenye kioo. Aliyempeleka ni binamu yake, Isack, aliyekuwa na lori la samaki. Isack ana wake watatu na alitaka wote watajwe. Okech akawataja, ila alimtanguliza mke wa pili kwa sababu jina lake lilikaa vizuri kwenye gitaa. Mpaka leo wimbo huo haupigwi kwenye nyumba ya mke mkubwa. Hata redio ya jirani ikiupiga, mama huyo anaanza kutwanga kinu kitupu.

Ya tatu ni ya kanisani. Okech alikuwa ameokoka, akaondoa neno mpenzi akaweka Bwana, wazee wa kanisa wakatoa kinanda, nao wakatajwa mmoja mmoja na vyeo vyao. Mchungaji aliupenda kwa muda, halafu akauliza, huyu mkristo anayechelewa kila ubeti, ataingia mbinguni saa ngapi? Ukaachwa.

Ya nne ni ya wachimbaji wadogo. Hao walitoa mbuzi, na walitaka majina yao ya machimboni. Kwa hiyo wimbo unaanza, barabara ni mbovu, halafu Tochi ya Shimo, halafu Baba Mawe, halafu Usiniguse Nina Vumbi, halafu Mkono Mmoja Yatosha, mpaka unasahau kuna mtu anasubiriwa. Neno la mapenzi linarudi mwisho kabisa kama mgeni aliyepotea njia.

Hayo yote Mama Adoyo aliyabeba kwa kicheko. Lakini mwaka huu vidole vya Mzee Okech vilianza kukakamaa. Asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati. Ndipo Evance, kijana wa mtaa wa pili ambaye ni prodyuza, ana kompyuta na maiki kwenye chumba cha nyuma kwa mama yake, akaja kumwomba waurekodi wimbo upya kabla vidole havijagoma. Mzee akakubali. Akasema, "Hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hii gitaa namwachia mjukuu."

Siku hiyo Mama Adoyo aliweka kisu chini, samaki akiwa nusu hana magamba.

"Ya mwisho?"

"Ya mwisho, nyar Shirati." Nyumbani anamwita hivyo, binti wa Shirati, kwa sababu ndiko kwao.

"Basi safari hii nimo."

Mzee akajikuna shingo. "Wale ni watu waliotoa vitu. Wewe ni mke wangu. Nikikutaja pale nitakuwa nimekupanga foleni na mwenye dizeli."

"Nipange. Ila mbele."

"Halafu jina lako fupi. Gitaa litalipita."

"Na Usiniguse Nina Vumbi lilipitaje?"

Mzee akatoka nje kuangalia kama mvua itanyesha, na jua lilikuwa linawaka.

Mama Adoyo akanigeukia mimi. Alikuwa anacheka lakini mkono wake ulikuwa umetulia juu ya ubao. "Nyathina," akaniambia, maana yake mwanangu, "siku nikifa watapiga huo wimbo kwenye msiba wangu. Watu watamsikia Nyangwine, watawasikia wake za Isack, watawasikia mpaka wenye mbuzi. Halafu watachungulia jeneza, waseme, na huyu alikuwa nani humo?"

Nilimwambia, "Mama, atakutaja." Akaniambia, "Huyu mtu tangu ujana anakuja, na bado yuko njiani."

Wiki ile habari zilizunguka Nkende kama moshi wa maandazi. Kila mtu akataka kuingia kwenye rekodi ya mwisho. Mzee Machage, mwenyekiti wetu wa mtaa, akaleta waya mrefu wa umeme. Laurensia muuguzi, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akaleta dawa ya kuchua vidole na senene wa kukaanga kwa ajili ya siku hiyo. Vedasto wa bodaboda akajitolea kubeba spika, akaibeba mgongoni mwa pikipiki imefungwa kwa mpira kama mgonjwa. Kila mmoja akitoa alikuwa anasema, "Mzee, hata usinitaje," huku anasimama hapo hapo mpaka Mzee aseme, "Nitakutaja." Hata mama yake Evance alitaka kutajwa, kwa sababu chumba ni chake.

Evance akaanza kushika kichwa. "Mzee, siku hizi wimbo mrefu watu wanauruka. Hayo majina tutayaweka wapi?"

"Tutapunguza barabara," Mzee akasema.

"Barabara ndiyo wimbo wenyewe!"

"Basi tutapunguza mto."

Jumamosi asubuhi tukaenda wote. Nasema wote, isipokuwa Mama Adoyo. Alisema ana kazi. Nilimwacha uani akimwangalia kuku wake mwekundu kwa macho ambayo sikuyaelewa. Mzee alivaa shati la mikono mirefu, Laurensia akamchua vidole kimoja kimoja kama anamwandaa mtoto kubatizwa. Chumba cha Evance kimebandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoroke, na sisi tulikuwa tumejaa humo kama mayai yenyewe. Precious nilikuwa nimembeba mgongoni nikimwomba Mungu asilie.

Evance akanyoosha kidole. Kimya. Gitaa likaanza.

Jamani. Mimi nimesikia wimbo huo kwenye simu, kwenye harusi, kwenye mabasi ya Musoma. Sikuwahi kuusikia ukitoka mkononi. Vile vidole vilivyoshindwa na kifungo vilipita kwenye nyuzi polepole, kwa maumivu, na labda ndiyo maana lile gitaa lilikuwa linaomba msamaha kweli kweli. Sauti ya Mzee imechakaa kidogo pembeni. Barabara ni mbovu, mpenzi. Mto umejaa, mpenzi. Mzee Machage aliyekuja kutajwa alikuwa ameshaanza kufuta macho kwa kofia.

Mzee akamaliza ubeti wa pili. Akavuta pumzi. Tulijua sasa ni majina. Watu wakajiweka sawa, Vedasto akatengeneza kola.

Mlango ukafunguliwa.

"Simamisha!"

Ni Mama Adoyo. Amevaa gauni lake la buluu la Krismasi, kilemba juu, na kwapani ana yule kuku mwekundu. Akapita katikati yetu, akamweka kuku juu ya meza ya kompyuta.

"Mama, tunarekodi!" Evance akanong'ona kwa ukali.

"Ndiyo maana nimekuja sasa, siyo kesho. Nimetoa kuku. Kuku siyo kitu?"

Evance akamtazama mwenyekiti wa mtaa kama anaomba mahakama. Mzee Machage akasema, "Ni kitu. Tena huyu anataga."

Desturi ni desturi. Mzee Okech alikuwa ameshashusha gitaa, linanong'ona chini chini, na yeye anamwangalia mke wake kama mtu aliyeona mvua kiangazi.

Mama Adoyo akasogea kwenye maiki. Hakuna aliyemfundisha, lakini alisimama mahali sahihi.

"Mimi ni Awino nyar Shirati! Mtoto wa mwalimu wa kanisa aliyehamia hapa Tarime. Mimi ndiye mafuta yakiniona yanachemka yenyewe. Samaki wangu analiwa na hakimu na mahabusu siku moja, na wote wawili wanalamba vidole. Mimi nimezaa watano na bado kilemba changu kinafika juu kuliko wenu!"

"Kweli!" Laurensia akapiga kelele, halafu akajiziba mdomo.

"Nyangwine alitoa dizeli, akatajwa. Isack alitoa lori akatajwa, na wake zake wakatajwa vibaya. Wazee wa kanisa walitoa kinanda, wachimbaji walitoa mbuzi. Sasa mimi nauliza. Siku ile ya kwanza pale kwenye mashine ya kusaga, uzi wa gitaa ulikatika. Okech akakaa juu ya gunia anataka kulia. Nani alitoa uzi?"

Gitaa likajikwaa. Mzee akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika.

"Nani alitoa uzi, Okech?"

"Ni wewe," Mzee akasema.

"Ni mimi! Niliutoa kwenye breki ya baiskeli ya baba yangu. Baiskeli ya breki za waya, siyo zile za chuma za wenzake, aliagiza Kisumu, akaipenda kuliko sisi watoto. Nilivuta ule waya, nikachambua uzi mmoja, nikaleta. Wimbo ukapigwa. Jumapili baba yangu akapanda baiskeli yake kwenda ibada, akateremka mteremko wa Bomani."

Chumba kizima kilikuwa kimeshika tumbo. Yeye mwenyewe alikuwa hacheki.

"Akafika kanisani. Akapita kanisa. Waumini wakampungia mkono, wakadhani anafuata Biblia nyumbani. Akapita soko. Akapita mbuzi wa watu. Aliyemsimamisha ni shamba la mihogo, na alitoka humo na kofia yake kichwani, anaita fundi baiskeli kwa jina la ukoo!"

Vedasto alikuwa ameketi sakafuni. Mama yake Evance alikuwa amelala kwenye bega la mwenyekiti wa mtaa na hakuna aliyejali. Precious mgongoni kwangu akaanza kucheka pia, bila kujua anacheka nini, akinipigapiga mgongoni kwa furaha.

"Ndiyo maana huyu hakunitaja," Mama Adoyo akaendelea, na sauti yake ikashuka kidogo. "Angenitaja, baba angeuliza, huyo Awino alitoa nini? Tukanyamaza. Tukaoana tukanyamaza. Baba amefariki mwaka jana, mzee sana, mpaka siku ya mwisho anamtuhumu fundi. Fundi, popote ulipo, huna kosa! Ni mimi. Mimi Awino ndiye niliyetoa wa kwanza kabla ya Nyangwine, mimi ndiye niliyeimbiwa, na mimi bado nipo hapa nasubiri. Endelea!"

Akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono.

Mzee Okech alijaribu kuendelea. Kicheko kilimkamata kooni, gitaa likatoa sauti ya mbuzi, kuku naye akajibu. Evance nyuma ya kompyuta alikuwa anatuonyesha kwa kidole, bado inarekodi, bado inarekodi! Mzee akafumba macho. Vile vidole vikatafuta nyuzi, vikazipata. Akawa anatakiwa kuimba mpenzi, nachelewa lakini naja. Hakuimba mpenzi.

Aliimba, "Awino."

Halafu akalamba midomo, kama aliyeonja kitu. Halafu akaimba tena, "Awino, nachelewa." Akalivuta lile jina fupi, akalizungusha, gitaa halikulipita hata kidogo, lilikaa chini yake kama mkeka. Lilitosha ubeti mzima. Mzee akafumbua macho akawaangalia waliotoa, yaani mwenye waya, mwenye spika, mwenye dawa, mwenye chumba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona aibu. Mzee Machage akamfanyia ishara kwa kofia, achana na sisi. Laurensia akatikisa kichwa, hapana, hapana, endelea na huyo. Vedasto yeye alitengeneza tena kola, akaona hakuna anayemwangalia, akapunga mkono kwamba na yeye anasamehe.

Wimbo ukaisha bila jina la mtu mwingine.

Evance alipovua vile vya masikioni alisema tutarudia, kwa sababu kuna vicheko, kuna kuku, na kuna mama mmoja anapiga kelele "Kweli!"

"Kurudia maana yake nisimamishe tena," Mama Adoyo akasema. "Na kusimamisha tena ni kutoa tena. Mimi kuku nilikuwa na huyo."

"Nitakuazima huyo huyo."

"Huyo siyo wangu tena. Ni wa wimbo."

Evance akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Sheria iko wazi." Basi ikabaki hivyo hivyo, na ndivyo inavyopigwa sasa mji mzima, na vicheko vyake na kuku wake. Sokoni watu wanampita Mama Adoyo wanamwita, "Fundi huna kosa!" na yeye anainua kijiko cha mafuta kama anapiga saluti.

Lakini hiyo ilikuja baadaye. Siku ile, kabla hatujatoka, Evance aliweka kwenye spika tusikilize. Mama Adoyo aliongea muda wote, akijikosoa, "Hapo nimepiga kelele mno, hapo nimesahau kumtaja mama." Ilipofika pale Mzee anapoliimba jina, akanyamaza. Akashika ncha ya kilemba akaiweka mdomoni. Macho yake hayakuwa kwa Mzee, yalikuwa kwenye spika, kama vile mtu atatokea humo.

"Rudisha," akasema.

Evance akarudisha. Awino, nachelewa.

"Rudisha tena."

Nje wali ulikuwa umeiva, tunasikia harufu yake. Mzee Okech alikuwa anajichua vidole, anatabasamu chini. "Nyar Shirati, watu wanasubiri chakula."

"Hata mimi nilisubiri," akasema. "Evance, rudisha."